Viti Viwili vya Kisima cha Tano

Mama aliuona mkono wangu juu ya mkono wa Clifton asubuhi ya Jumatano, kwenye kioo cha gari, na mpaka Ijumaa alikuwa hajanisemesha. Nilimchemshia chai, akanywa mafunda mawili aliyoruhusiwa, akaweka kikombe chini. Nilimkanda miguu, akatazama mbwa. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia kumjibu. Mama yangu akinyamaza, huna pa kushika.

Mimi ndiye dereva wa gari la wagonjwa hapa Kisima cha Tano. Wagonjwa wangu wa mashine ni wawili tu: Mama, ambaye hukaa mbele kwa sababu anasema gari ni lake, na Clifton, fundi wa jenereta, ambaye hukaa nyuma yangu. Wote wawili figo zao zimekufa, na mashine ndiyo inayowasafishia damu. Jumatano ile Mama alikuwa amesinzia, au mimi ndiye niliyejidanganya kuwa amesinzia. Nikapeleka mkono nyuma, taratibu, nikaushika mkono wa Clifton pale chini ya kiwiko. Madaktari walimuunganishia mishipa hapo ili sindano zipate pa kuingia, na hapo pananguruma saa zote. Ukiweka vidole unausikia mngurumo, kama paka aliyeshiba. Nilikuwa nimeuzoea mngurumo ule kiasi kwamba siku nisipougusa silali vizuri.

Ijumaa, kabla hatujatoka, Mama aliniita pale barazani.

"Janelle."

"Abee, Mama."

"Yule umempenda?"

Sikujitia hamnazo. Nina miaka thelathini na sita, si mtoto wa kuficha barua chini ya godoro. "Nimempenda."

"Tangu lini?"

"Tangu kipindi cha baridi."

Akatikisa kichwa. "Mapenzi kikohozi. Nilikuwa nakusikia unakohoa, nikasema labda ni vumbi. Na yeye?"

"Na yeye ananipenda. Anataka anioe."

"Basi wewe mwenyewe unajua kinachofuata."

Nilikuwa najua. Kwetu sisi mwanaume akimwoa binti yako, wewe na yeye hamtazamani tena. Hamkai chumba kimoja, hamsemeshani, yeye halitaji jina lako wala wewe lake. Wala si chuki. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo, na wazee wetu waliishika hata walipokuwa wakihama jangwani na kulala penye kisima kimoja. Mjomba Mervyn, kaka yake Mama, aliwahi kuruka dirishani kwa sababu mama mkwe wake ameingia mlangoni. Sisi watoto tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye hakucheka.

Lakini wazee wale hawakuwa na figo zilizokufa. Sisi tuna nyumba moja ya mashine, chumba kimoja, viti viwili vilivyosogeleana mpaka aliye huku anaweza kumpa mwenzake kipande cha barafu. Sista ni mmoja, na siku ambazo hayupo kwetu yuko kwenye makazi mengine, huko nako anasubiriwa. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi, na tangi la maji yaliyochujwa linatosha mzunguko mmoja kwa siku, wa watu wawili kwa pamoja. Usiniulize kwa nini hawaongezi. Tuliuliza mpaka midomo ikakauka.

"Mmoja wetu ataondoka," Mama akasema. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Nitarudi mjini."

"Uliapa hurudi mjini."

"Niliapa."

"Baba alifia kule, Mama."

"Najua alikofia, nilikuwa nimemshika mguu." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonichoma. "Aligeukia ukutani, akaniuliza kama mvua imenyesha nyumbani. Nikamwambia imenyesha. Sikuwa najua, Janelle. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Kule viti ni vingi, unatoka hiki unaona kile, na hakuna hata mmoja anayejua wewe ni mtoto wa nani."

"Unanilazimisha nichague."

"Mimi? Umeshachagua, ndani ya gari langu."

"Gari la kliniki."

"Na mimi ndiye mgonjwa," akasema, akainuka, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha mbele.

Clifton tulimchukua bandani kwake, kule kwenye majenereta. Aliingia na kofia yake ya mafuta mkononi, akanitazama kwenye kioo sekunde moja tu, kisha akayaondoa macho. Nilijua hapo hapo kuna jambo.

"Umeamkaje, bi mkubwa?" akamwambia Mama. "Umenuna, au ndiyo sura imeamua kubaki hivyo?"

Siku nyingine Mama angemjibu la kumtoa kamasi. Clifton si mtu wa kwetu. Alikuja kutoka pande za bahari ya kaskazini kufunga jenereta, akakaa miaka. Hana nafasi katika hesabu ya ukoo wetu, na ndiyo maana Mama aliweza kumtania bila mipaka. Tena ni yeye Mama aliyempigania. Kiti cha pili kilipobaki wazi, naye Clifton yuko mjini anahesabu dari, Mama aliwaambia wakubwa wa kliniki, "Nileteeni yule fundi. Saa tano kwenye kiti ni nyingi, nataka mtu wa kunichekesha." Wakamleta. Mama alijiletea mkwe mwenyewe, masikini.

Asubuhi hiyo Mama hakumjibu. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye nyumba ya mashine, watu watatu na injini.

Kwa kawaida nikishawashusha huenda kuosha gari. Siku ile nilibaki nimesimama mlangoni wakati Sista Heather anawachoma sindano, Mama kwanza, kisha Clifton. Damu ikaanza kuzunguka kwenye mipira. Ndipo Clifton akasema, polepole, akidhani nimetoka:

"Sista, lile gari la Jumatatu la kwenda mjini, nafasi yangu bado ipo?"

"Ipo. Ukimaliza mashine tu, dereva anakuchukua."

Nikasikia masikio yanapiga filimbi. "Gari gani?"

Clifton akafumba macho. "Janelle."

"Nimeuliza gari gani. Ulikuwa uniambie lini?"

"Jioni hii."

"Mwongo wewe. Ulikuwa uniambie dirishani, gari limeshawashwa."

"Hapa si mahali pake."

"Hapa ndipo mahali pake," nikasema. "Leo hakuna wa kuinuka akaniachia maneno mdomoni. Mmefungwa hapo wote wawili mpaka mchana, na mtanisikiliza."

Sista Heather aliinamia presha ambayo alikuwa ameshaisoma, akaisoma tena. Mama alitazama dari.

"Nani amekwambia uende mjini?" nikamuuliza Clifton. "Ni Mama?"

"Mama yako hajanifukuza. Jumatano, palepale alipo, aliniambia, 'Kijana, umeniharibia rafiki yangu.' Nikamuuliza rafiki gani. Akasema, 'Wewe.'"

Mama hakugeuka, lakini niliona kidevu kinamtetemeka.

"Sikulala siku ile," Clifton akaendelea. "Nikapima. Mimi nina miaka arobaini na moja, nitauweza mji. Yeye akirudi kule haumalizi mwaka. Kabla sijakupenda wewe nilimpenda yeye, Janelle, kama mzazi. Nitalala vipi na wewe huku najua kiti ninachokalia nimemnyang'anya mama yako?"

"Na mimi je?"

"Utakuja kunitembelea."

"Nusu siku ya barabara ya vumbi, kwenda tu. Na Mama atapelekwa na nani mashineni, na mbwa? Umenipangia maisha yangu bila kuniuliza. Nyote wawili mmenipangia. Mmoja anataka kufa kwa ajili yangu mjini, na wa pili naye anataka kufa kwa ajili yangu mjini, na mimi nibaki hapa na gari tupu."

Mashine zilikuwa zinazunguka tu, shii, shii.

"Tutundike blanketi," nikasema. "Katikati hapo. Huku yeye, huku wewe. Hamtaonana."

Mama akageuza kichwa kwa mara ya kwanza. "Blanketi lina macho?"

"Macho ya nini?"

"Kipindi cha joto, presha iliponishuka, Sista alikuwa wapi?"

"Nje, kwenye tangi," Sista Heather akasema kwa sauti ndogo.

"Nani aliniona nimelegea?" Hakungoja jibu. "Huyu hapa. Alipiga kelele mpaka mbwa wakatawanyika. Aliniita jina langu, Eunice, Eunice, kama mtu anayeita mbuzi, na hilo jina ndilo lililonirudisha. Mkwe ataniita jina? Mkwe atanitazama usoni aone nimegeuka rangi? Atakaa nyuma ya blanketi lenu anisikie nakata roho, na heshima imemkaba koo."

"Ningepiga kelele," Clifton akasema. "Heshima ingenisamehe."

"Ungepiga. Ningepona. Halafu mimi na wewe tungeuweka wapi uso wetu?"

"Nyakati zimebadilika, Mama," nikasema.

"Zimebadilika kweli. Mimi sijabadilika." Sauti yake ilikatika, akaikohoa. "Nimelala vitanda vyao. Nimekula chakula chao kisicho na chumvi. Damu yangu yenyewe inatoka nje inarudi. Sasa hili moja, la kumheshimu mume wa mwanangu kama mama yangu alivyomheshimu wangu, na lenyewe mnataka niliweke pale mlangoni pamoja na viatu?"

Clifton akainua mkono kujifuta jasho, na mashine yake ikaanza kulia. Huwa inalia hivyo akikunja mkono, kila siku, maana anapotaniana na watu hawezi kutuliza mikono.

"Nyoosha mkono, wewe," Mama akasema.

Alisema kwa mazoea. Miezi yote waliyokaa pamoja ameshamwambia hivyo mara zisizo na idadi. Clifton akanyoosha, mashine ikatulia, nao wakatazamana, na kila mmoja akawa wa kwanza kuondoa macho. Nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi.

Walipomaliza, Mama hakuenda moja kwa moja garini. Alisimama mbele ya kiti cha Clifton, bandeji mkononi, akamtazama kuanzia kofia mpaka buti. Alimtazama muda mrefu.

"Clifton."

"Naam, bi mkubwa."

"Ile hadithi yako ya kasisi na ngamia haikuwahi kuchekesha hata siku moja."

"Ulicheka mpaka mashine yako ikalia."

"Nilikuwa nakuonea huruma," Mama akasema. Akamgusa bega kwa ncha za vidole, akapita.

Nilidhani anamuaga mtu wa safari.

Jumamosi jioni nilikwenda bandani kwa Clifton. Alikuwa anafunga vifaa vyake kwenye sanduku, spana moja moja, akizifuta kwanza. Jenereta lilikuwa linanguruma, tukawa tunasemezana kwa sauti ya juu, na mapenzi yakisemwa kwa sauti ya juu hugeuka ugomvi upesi.

"Kaa," nikamwambia.

"Nikikaa nakuibia mama."

"Ukienda unaniibia wewe."

"Nifanyeje, Janelle? Niambie. Nikate kiti vipande viwili?"

"Sijui. Mimi si fundi, fundi ni wewe."

Akacheka, kisha akaacha. Akanivuta, nikaweka paji langu kifuani mwake, shati linanuka dizeli na sabuni. Nilimpenda mpaka nikamchukia. Alinipapasa shingo kwa ule mkono wa mashine, nikausikia mngurumo wake chini ya sikio, nikawaza kwamba Jumatatu mchana mkono huu utakuwa barabarani, na keshokutwa yake utashikwa na sista asiyejua hata kama mwenyewe anakunja mkono akicheka.

"Ukifika usinitumie salamu," nikasema.

"Nitakutumia."

"Sitazipokea."

"Utazipokea," akasema, na kweli ningezipokea, ndiyo maana niliondoka bila kumjibu.

Jumapili Mama alishinda kwa Mjomba Mervyn. Sikumuuliza kisa. Usiku ule ule Mjomba akaja kuniambia kwamba kesho Mama atakwenda mashineni kwa gari lake yeye, mapema. Niliuma meno. Nikasema moyoni, basi hata siku ya mwisho hataki kukaa nasi gari moja. Asubuhi nikataka kukaa kunywa chai, nikatafuta kigoda changu cha bluu cha jikoni nisikione, na hilo nalo likanitia hasira. Nikanywa nimesimama.

Clifton alipanda mbele. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kiti cha Mama. Begi lake lilikuwa nyuma, peke yake, mahali alipozoea kukaa mwenyewe. Karibu na lango akanyoosha mkono akauweka kwenye paja langu, kiganja juu. Nikaweka vidole vyangu pale chini ya kiwiko mpaka tukafika.

Sista Heather alikuwa amesimama mlangoni, nyundo mkononi. Nilimwona ana vumbi la ukuta kwenye nywele.

"Ingieni polepole," akasema. "Msiongee kwanza."

Kulikuwa na kamba imefungwa kutoka juu ya dirisha mpaka kwenye kabati, na kwenye kamba kumetundikwa blanketi la kahawia la Mama. Nalijua blanketi lile. Ndilo alilojifunika miaka yote ya mjini, hamwazimi mtu, hata mimi nilipougua aliniletea jingine. Lilipita katikati ya viti viwili, refu, likaishia miguuni. Upande wa pili wa blanketi mashine moja ilikuwa imeshaanza kazi, shii, shii. Nikaona soksi nyekundu za Mama zimechungulia mwisho wa kiti, zimetulia.

Na pale blanketi linapoishia, katikati kabisa, mahali ambapo ukikaa unaziona nyuso zote mbili, kilikuwepo kigoda changu cha bluu.

"Mjomba wako alikileta jana," Sista akaninong'oneza. "Mama yako amenipa masharti. Nikitoka kwenda kwenye tangi, wewe hutoki. Kiti hicho ni cha macho, amesema."

Nikakipangusa kigoda kwa kiganja.

Clifton alikuwa bado kizingitini. Nilimwona anaangalia blanketi, anaangalia kigoda, halafu uso wake ukabadilika. Hakuna aliyemfundisha. Ameishi nasi miaka, ameona. Alishusha kofia mpaka kwenye macho, akageuza mgongo upande wa blanketi, akapita ubavu ubavu kando ya ukuta mpaka kwenye kiti chake, akakaa kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Sista akamchoma sindano. Hakuguna.

Nikakaa kwenye kigoda. Kushoto kwangu Mama, macho yamefumba, kitambaa kipya kichwani. Kulia kwangu Clifton, kofia usoni, midomo inamcheza. Marafiki wawili, chanda na pete, na tangu asubuhi hiyo hawatasemeshana tena mpaka mmoja amzike mwenzake. Mama alikuwa ameninunulia ndoa kwa urafiki ule, na bei aliijua. Nikalia bila sauti, ili nisikose kuona.

Mchana ulipokaribia, dereva wa gari la mjini akachungulia mlangoni. "Kuna abiria wangu hapa?"

Sista Heather akanitazama. Mimi nikamtazama Clifton. Clifton akalitazama blanketi, kisha haraka akayashusha macho.

"Hakuna," Clifton akasema. "Samahani, kaka, nimekusumbua. Begi naomba uliache palepale, kwenye gari la huyu dada."

Dereva akaenda zake. Tukasikia gari linawaka, linazunguka lango, linapotea na vumbi lake. Hapo ndipo Clifton aliposhindwa. Mabega yakaanza kumtikisika, akainua mkono afute macho, ule ule wenye sindano, na mashine yake ikaanza kulia.

Nilingoja. Sote tulingoja, hata Sista hakunyanyuka. Mashine ikalia, na nyuma ya blanketi soksi nyekundu zikasogea kidogo, moja ikapanda juu ya nyingine. Nikageuka kumtazama Mama. Alikuwa amefumbua macho, machozi yanamshuka kuelekea masikioni, na mdomo ameubana kama mtu aliyeshika pini kwa meno. Akakohoa.

"Janelle."

"Abee, Mama."

"Mwambie mumeo anyooshe mkono."